Sakoshi iliyokuwa ikiingia kwenye spoki: kisa cha msambazaji mikate wa Goma

Kijana aliyeleta kazi hii kwenye karakana yangu husambaza mikate na jibini za Masisi kwa baiskeli. Asubuhi anachukua mikate kwenye tanuri la mama mmoja wa Katindo, anazunguka maduka ya Himbi, kisha anapanda kuelekea Majengo, ambako barabara nyingi za ndani ni mawe matupu ya volkeno. Baiskeli yake ni ile ndefu ya chuma yenye magurudumu ya inchi 28 na spoki 40 nyuma. Kwenye keria ametundika sakoshi mbili, yaani mifuko ya turubai, moja kila upande, zilizoshonwa Birere. Kazi ya yule aliyezishona ni nzuri na sitaki kuidharau: turubai zito, mshono wa uzi mara mbili, ndoano za chuma cha milimita 6 zilizokunjwa vizuri. Kilichokosekana ni mgongo, yaani kitu kigumu kwenye upande unaotazama gurudumu.

“Papa fundi, hii sakoshi ya kuume inaniua,” aliniambia. “Kila nikishuka mu mawe inaingia mu spoki.”

Spoki mbili zilikuwa zimekwisha kukatika. Turubai lilikuwa limetoboka kwenye kona ya chini upande wa gurudumu, tundu la kupitisha vidole vitatu. Mikate ya chini ilikuwa inafika imebonyea, na mama mwenye tanuri alikuwa anamkata pesa kwa kila mkate uliorudishwa. Ombi lake lilikuwa wazi: nimwekee kitu kigumu ndani, pande zote, sakoshi iwe sanduku.

Sikukubali ombi hilo papo hapo. Sakoshi tupu haisemi kitu, kwa hiyo nilimwomba arudi nayo ikiwa na mzigo wake wa kweli. Alirudi kesho yake na mikate upande wa juu, jibini nne za duara chini, kilo 9 kwa upande ule mmoja. Nilipaka chaki ya ushonaji ukuta wote wa sakoshi unaotazama gurudumu, tukaisukuma baiskeli juu ya mawe yaliyo mbele ya karakana, kwenda na kurudi. Kisha tukaishusha sakoshi na kuitazama. Chaki ilikuwa imefutika sehemu moja tu, eneo la ukubwa wa kiganja, chini, nyuma ya mguu wa keria. Kwingine kote ilibaki nyeupe.

Hapo ugonjwa ulijieleza. Keria za baiskeli hizi zina mguu mmoja kila upande, unaoshuka kutoka kwenye kitanda cha keria hadi ekseli. Mbele ya mguu huo na nyuma yake kuna spoki wazi. Sakoshi inaning'inia kwa ndoano mbili juu, na chini haijafungwa na kitu. Baiskeli ikigonga jiwe, mzigo unaruka, unashuka kwa nguvu na kutafuta pa kwenda. Turubai linajikunja kuzunguka ule mguu mmoja na kuingia ndani kwenye nafasi iliyo wazi.

Turubai lina nguvu likivutwa. Ukilisukuma, linajikunja. Kila kilichoharibika kwenye sakoshi hii kilikuwa mahali ambapo mzigo unasukuma: ukuta wa ndani unaosukumwa kuelekea gurudumu, na kitako kinachosukumwa chini hadi kinakuwa na tumbo na mikate kujikusanya katikati. Ukuta wa nje na pande mbili fupi zinavutwa tu, na hazikuwa na tatizo lolote. Kwa hiyo kilichohitajika ni bitana ngumu ya mgongo na kitako, basi. Nashikilia jambo hili kwa nguvu, kwa sababu naona sakoshi nyingi mjini zimewekwa mbao pande zote nne. Zinakuwa nzito kabla ya kubeba chochote, haziingii mlangoni, na kona za mbao zinalila turubai kutoka ndani. Turubai ukiliachia kazi yake ya kuvutwa, linakaa miaka.

Kabla ya kunijia, kijana alikuwa amejaribu mambo mawili, na yote mawili yanafundisha.

La kwanza ni katoni. Alikata katoni za sabuni, akazipanga tatu na kuzifunga kwa skochi pembeni. Zilikaa vizuri mpaka mvua za Septemba. Katoni ni karatasi iliyokunjwa mawimbi kati ya karatasi mbili zilizonyooka. Ugumu wake wote unatoka kwenye yale mawimbi, na mawimbi yameshikwa kwa gundi ya wanga. Maji yakiingia, gundi inaachia na mawimbi yanalala. Hata kabla ya mvua, zile tabaka tatu hazikuwa zinampa alichofikiri. Ugumu wa bamba dhidi ya kupinda hukua kwa mchemraba wa unene wake: ukizidisha unene mara mbili, ugumu unapanda mara nane. Lakini hesabu hiyo ni ya bamba moja. Tabaka zilizolaliana bila kushikana uso kwa uso huteleza moja juu ya nyingine, kila moja inapinda peke yake, na tabaka tatu zinakupa mara tatu tu. Angezigundisha uso wote, zingekuwa kitu kingine kabisa, mpaka siku ya mvua.

La pili ni tripleksi (plaiwudi) ya milimita 9 aliyopewa na seremala jirani. Hii ilikuwa ngumu ya kutosha. Lakini aliiingiza tu ndani ya sakoshi, haikushikwa popote. Bamba lisiloshikwa linatembea: kila jiwe linaliinua na kulishusha, na makali yake ya chini yalikuwa yanakata turubai kwenye kona ileile iliyotoboka. Ndoano nazo zilibaki zimeshonwa kwenye turubai, hivyo mzigo uliendelea kuning'inia kwenye kitambaa huku ubao ukiwa abiria. Nililitazama tundu lile kwa makini. Nyuzi zake za nje zilikuwa zimesagwa na spoki, za ndani zimekatwa safi kwa ubao. Tundu moja, wahalifu wawili.

Tulizungumza juu ya vifaa vingine. Bati nililikataa haraka: linalia, linashika kutu, makali yake ni kisu. Karatasi za plastiki zenye mirija ndani, zile za mabango ya matangazo, ni nzuri sana kwa mizigo myepesi, na mwenye nazo asizitupe. Ajue tu kwamba ni ngumu kwa upande mmoja: mirija yenyewe haikunjiki kirahisi, lakini kwenye mstari unaopita kati ya mirija zinakunjika kama daftari. Kwenye mgongo wa sakoshi mirija lazima isimame wima, kutoka ndoano kwenda chini, maana huko ndiko bamba linakotaka kupinda. Kwa kilo 9 za jibini na mikate juu ya mawe ya Majengo, sikuziamini.

Tulichagua bidoni (dumu) la njano la lita 20.

Kila nyumba hapa inalo, maana maji ya Goma hutembea ndani yake. Plastiki yake ni polietilini, hainywi maji, haiozi, na inavumilia kupigwa. Katikati ya upande mpana ina unene wa karibu milimita 2. Kwenye kona ni nyembamba zaidi, kwa sababu kiwandani plastiki hupulizwa ikiwa laini ndani ya kalibu, na sehemu inayosafiri mbali zaidi ndiyo inayonyooka zaidi. Ukubwa wa upande mpana unakaribia sana mgongo wa sakoshi ya kawaida, na umbo lake lina zawadi ambayo watu wengi huikata na kuitupa, nitaieleza.

Lakini si kila bidoni linafaa. Nilimkataza kabisa bidoni lililowahi kubeba petroli au mafuta ya taa. Plastiki hii hunywa mafuta hayo ndani ya mwili wake, na hata ukiliosha kwa maji ya moto na sabuni, harufu hutoka polepole kwa miezi, moja kwa moja kwenye mkate. Kuna na hatari kubwa zaidi: mvuke wa petroli uliobaki ndani unaweza kulipuka ukilikata kwa kisu cha moto. Chukua la mafuta ya kupikia. Kisha likague uzee. Jua huvunja plastiki hii taratibu, na bidoni lililokaa miaka juu ya paa linaonekana zima huku limekuwa kama ganda la yai. Kunja kipande cha ukingo wa mdomo kwa koleo: kikigeuka cheupe kidogo na kurudi, ni kizima, kikipasuka, tafuta lingine. Ndani ya sakoshi halitaona jua, kwa hiyo likiingia zima litadumu.

Sasa ile zawadi. Wengi hukata ukuta mpana ulionyooka peke yake, wanapata karatasi tambarare inayopindapinda, kisha wanalalamika kwamba bidoni ni laini. Sisi tulianza kukata upande wa pili wa kona. Tuliuacha upande mpana uende na mviringo wa kona zake mbili za wima, sentimita 2 na nusu kila upande, na chini tukauacha uendelee bila kukatwa hadi kwenye kitako cha bidoni, sentimita 15. Kilichotoka ni mgongo na kitako vilivyoungana kwa kona iliyotengenezwa kiwandani, vyote vikiwa na ukingo uliosimama pembeni. Ukingo huo mdogo ndio unaofanya kazi. Bamba la milimita 2 likiwa tambarare unalikunja kwa kidole. Likiwa na kingo mbili zilizosimama wima, lazima uvute na kubana zile kingo kabla halijapinda, na hilo halifanyiki kwa kilo 9. Kingo tulizielekeza ndani ya sakoshi, mgongo laini ukatazama gurudumu.

Kuna wanaokata karatasi tambarare na kukunja kona yao kwa maji yanayochemka. Hapa Goma, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 tu, na plastiki hii huyeyuka karibu na 130. Maji yanailainisha lakini hayaifanyi ishike umbo jipya. Baada ya siku chache kona inaanza kujifungua. Tumia kona iliyopo.

Kukata tulitumia kisu kikali na subira, tukichora kwanza kwa mkaa. Pembe zote nne tulizizungusha kwa kufuata kifuniko cha chupa, tukakwaruza makali yote kwa mgongo wa kisu mpaka kidole kikapita bila kuhisi kitu. Kwenye kitako cha bidoni kuna mshono wa kiwandani, mstari uliovimba. Huo tuliusawazisha, la sivyo ungeandika alama kwenye jibini. Juu ya makali ya kitako na ya pembeni tulishona ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu, uliopasuliwa kwa urefu na kukunjwa. Kushona plastiki hii si shida kwa sindano ya fundi viatu na uzi wa nailoni, mradi matundu yaachane sentimita moja. Ukiyabananisha, unatengeneza mstari wa kuchania.

Gundi nilikuwa nimemwonya. Alikuja na kopo la gundi ya viatu, ile inayoshika kila kitu, na nilimwacha aijaribu kwenye mabaki. Ilikauka vizuri, kisha ikabanduka yote kwa ukucha. Uso wa polietilini haupokei gundi, kwa tabia ileile inayofanya mafuta ya kupikia, chumvi na sabuni visiudhuru. Kila kiungo kwenye plastiki hii ni cha uzi, cha ribiti, au cha bulo (boliti).

Kiungo kilichobeba kisa kizima ni cha ndoano. Tulizifungua kutoka kwenye turubai na kuzifunga upya kwa bulo za milimita 5 zinazopita ndoano, turubai na bitana kwa pamoja, na ndani rondele (washa) pana kuliko kichwa cha bulo. Kuanzia hapo turubai likawa limebanwa kati ya chuma na plastiki. Mzigo unakaa juu ya kitako, kitako kinavuta mgongo, mgongo unaning'inia kwenye ndoano. Je, kona ya kitako na mgongo haitafunguka ikibebeshwa? Ingefunguka ikiwa peke yake. Lakini ukuta wa nje wa turubai unaishika kwa mbele, unavutwa, na kuvutwa ndiyo kazi unayoiweza. Matundu yote tuliyatoboa kwa msumari wa moto, maana tundu lililoyeyushwa lina ukingo wa mviringo na halianzishi ufa. Manne madogo tuliyaweka kwenye kitako, ya kutoa maji.

Kwa mabaki ya upande mwembamba tulipata utepe wa sentimita 4, tukaushona ndani ya pindo la mdomo wa sakoshi ili ubaki wazi anapopakia kwa mkono mmoja. Hilo lilikuwa la kumrahisishia kazi, si la kuponya ugonjwa.

Mwisho, ukanda wa mpira kutoka sehemu ya chini ya mgongo hadi mguu wa keria, karibu na ekseli, wenye ndoano ndogo. Nisisitize hapa. Bitana ngumu bila ukanda wa chini ni mlango usio na komeo: haiingii tena kwenye spoki kwa kujikunja, lakini inapigapiga nzima nzima. Upande wa kuume kuna mnyororo, kwa hiyo ukanda ulipita nyuma ya mguu wa keria, na ncha yake ikafupishwa ili isining'inie kwenye meno.

Bitana ilipokamilika haikufika nusu kilo.

Mama mwenye tanuri alipita siku ile kuona kazi, akauliza swali la haki: “Fundi, si ungemfungia kreti tu juu ya keria, mambo yaishe?” Kreti ni jibu zuri kwa barabara ya lami. Lakini kreti inaweka kilo zote juu ya gurudumu, na anapopanda Majengo akisukuma baiskeli kwa miguu, mzigo wa juu unamvuta ubavuni kila gurudumu linapopanda jiwe. Sakoshi zinaweka uzito chini, karibu na ekseli. Tena yeye hufungua sakoshi na kuingia nayo dukani, kwa sababu hawezi kuacha jibini barabarani huku akihesabiwa pesa ndani. “Sawa, mama,” nilimwambia, “kreti ingeokoa mkate na kumchosha mtoto.” Alikubali.

Kisha tukasubiri barabara itoe hukumu.

Jambo la kwanza lilijitokeza mapema, na lilitokana na kupona kwenyewe. Sakoshi laini ilikuwa inampisha kisigino, ngumu haimpishi. Akikanyaga pedali, kisigino cha kulia kilikuwa kinagusa kona ya mbele. Tulisogeza ndoano nyuma sentimita 4 kwenye keria, kukaisha. Anayetengeneza bitana kama hii akae kwenye baiskeli na kuzungusha pedali kabla ya kutoboa tundu lolote la ndoano.

Jambo la pili lilichukua muda zaidi na ndilo muhimu. Aliporudi kwa ukaguzi, spoki zilikuwa salama zote, mgongo umenyooka, mikate ya chini inafika na umbo lake, na chaki tuliyoirudia ilibaki nyeupe uso mzima. Lakini bulo ya ndoano ya nyuma ilikuwa imelegea, na tundu lake kwenye plastiki halikuwa duara tena. Lilikuwa limerefuka kuelekea chini. Hakuna aliyelichana. Plastiki hii ikibebeshwa uzito wa kudumu sehemu ndogo hutiririka polepole sana, siku baada ya siku, hata kwenye baridi ya usiku wa Goma. Bulo iliyokazwa leo inabana plastiki, plastiki inakimbia, na kesho kutwa bulo imelegea bila nati kuzunguka.

Dawa yake ni kutandaza uzito. Badala ya rondele mbili, tuliweka kipande kimoja cha chuma bapa cha sentimita 20 ndani ya bitana, chini ya bulo zote za ndoano, na kingine kama hicho nje, kati ya ndoano na turubai. Sasa plastiki inabanwa kwa urefu wote wa chuma, na tundu lililorefuka halibebi tena peke yake. Nati za kawaida tukaziongezea nati ya pili juu ya kila moja, kuizuia.

Sakoshi ya kushoto aliitengeneza mwenyewe, nyumbani, kwa bidoni la jirani, na vyuma bapa aliviweka tangu mwanzo. Aliniletea nikague. Kona zake zilikuwa zimezungushwa vizuri kuliko zangu; kitu pekee nilichombadilishia ni ukanda wa chini, alikuwa ameufunga kwenye stendi badala ya mguu wa keria, na stendi ikipandishwa ukanda unalegea. Kwa sasa anakaza nati zote kwa spana kila Jumamosi jioni akimaliza hesabu na mama, na anafungua bitana kuiosha kwa maji ya moto na sabuni kila anapoona mafuta ya jibini yameshika kwenye kingo.